Nimemsamehe kaka yangu lakini nimekataa kumdhamini. Je, msamaha wangu ni wa uongo?

Swali: Mchungaji, Bwana asifiwe. Baba alipofariki alituachia fedha kidogo. Nilikuwa bado chuoni, nikamwachia kaka yangu mkubwa sehemu yangu anitunzie. Kwa miaka miwili alikuwa akiniambia ziko salama, kumbe alishazitumia zote. Mambo yalipofichuka alilia mbele ya familia akaomba msamaha, nami nikamwambia nimekusamehe. Haujapita mwezi amekuja kutaka nimdhamini mkopo. Nimekataa. Sasa anasema sikumsamehe, na mama yuko upande wake. Ameniambia nisiguse meza ya Bwana mpaka niwe nimeachilia kabisa. Hajarudisha hata senti. Mwezi ujao mtoto wake anabatizwa na nimealikwa. Je, msamaha wangu ni wa uongo? Na huko kwenye ubatizo niende?

Jibu: Asifiwe sana, dada. Nakupa jibu kwanza, maelezo yatafuata. Hapana, msamaha wako haugeuki uongo kwa sababu umekataa kuweka sahihi kwenye mkopo wa kaka yako. Huko nyumbani mambo matatu yamefungwa kwenye furushi moja: kusamehe kosa, kufuta deni, na kumwamini mtu tena. La kwanza umeshalitoa. La pili ni hiari yako. La tatu haliko mikononi mwako peke yako, maana linategemea jinsi yeye atakavyoenenda kuanzia sasa. Kaka yako amelia siku moja na anataka aondoke na yote matatu.

Andiko mlilosomewa kikaoni nalijua, kwa sababu husomwa karibu kila kikao cha namna hii: "saba mara sabini," Mathayo 18:22. Ni neno la Bwana na sitalipunguza hata nukta. Ila sura ile haianzii hapo. Mistari michache nyuma, kuanzia wa 15, Yesu anaeleza ufanye nini ndugu yako akikukosea: mwendee mkiwa wawili peke yenu, umwonye. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili. Asipowasikia hao, liambie kanisa. Petro anauliza swali lake la mara ngapi amsamehe ndugu yake baada ya maneno hayo. Wazee wetu wengi wa familia wanauruka huo mstari wa 15, wanatua kwenye wa 22, kisha wanashangaa jambo lilelile linapowarudia mwaka unaofuata.

Halafu linakuja fumbo la mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000, naye akaenda kumkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Tumezoea kulihubiri kana kwamba hizo dinari 100 zilikuwa vijisenti. Hazikuwa. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima, kama unavyoona kwenye Mathayo 20:2, kwa hiyo huyo mwenzake alikuwa anadaiwa malipo ya siku 100 za kazi. Hiyo ni hasara ya kumkosesha mtu usingizi. Na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, maana yake deni la kwanza lilikuwa kubwa mara 600,000 kuliko la pili. Ukilisoma hivyo utaona Bwana hajasema ulichotendewa ni kidogo. Amekiweka karibu na ulichosamehewa wewe, ambacho hakihesabiki. Kwa hiyo anayekwambia "mbona ni pesa tu" anakupa faraja ambayo Yesu mwenyewe hakuitoa.

Kuna hoja ambayo Wakristo wenyewe hawaioni kwa jicho moja, na ni vizuri uijue usije ukayumbishwa. Luka 17:3 inasema, "kama ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu msamehe." Wapo wanaoshikilia hapo kwamba pasipo toba hakuna msamaha. Marko 11:25 nayo inasema ukisimama kusali na una neno juu ya mtu, samehe, na hapo hakuna habari ya mkosaji kuja wala kutubu. Pengine hata hajui umesimama wapi. Mimi nayasoma maandiko haya mawili kwa pamoja. Mbele za Mungu, ukiwa peke yako kwenye maombi, unaweka chini haki yako ya kulipiza, na hilo halimsubiri mtu yeyote. Neno la kumwambia mkosaji usoni kwamba yamekwisha, hilo linakutana na toba yake. Asipotubu, wewe uko huru na hasira yako, naye bado yumo ndani ya kosa lake. Toba yenyewe Paulo anaipima katika 2 Wakorintho 7:10-11 kwa yale inayozaa: bidii, kujitetea mbele ya hatia, hofu, shauku ya kutengeneza. Kulia kumo, lakini hata aliyekamatwa tu naye hulia.

Sasa deni. Kesi yako imo kwenye Biblia karibu jinsi ilivyo. Mambo ya Walawi 6:1-7 inamzungumzia mtu aliyewekewa amana na mwenzake, kisha akamdanganya juu ya hiyo amana. Anatakiwa arudishe yote, aongeze sehemu ya tano juu yake, na amkabidhi mwenyewe. Ndipo aende na kondoo dume kwa kuhani kufanyiwa upatanisho. Angalia utaratibu: kwa mwenye mali kwanza, madhabahuni baadaye. Zakayo alipookoka, mdomo wake ulikwenda moja kwa moja kwenye mahesabu, nusu kwa maskini na mara nne kwa kila aliyemnyang'anya kitu kwa hila, na hatuoni popote kwamba Yesu alimdai afanye hivyo. Naye Paulo, alipomrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni, aliomba apokewe kama ndugu mpendwa, na katika barua hiyohiyo akaandika kwa mkono wake mwenyewe kuhusu deni lolote litakalokuwepo: "mimi nitalipa." (Ni kweli anamchomekea Filemoni kwamba naye anadaiwa nafsi yake. Paulo alijua kubembeleza.) Lakini hakusema kwamba kwa kuwa Onesimo ameokoka, basi daftari lichanwe.

Kwa hiyo unaweza kumsamehe mtu na bado ukamdai. Unaweza pia kumfutia, na likitoka moyoni ni tendo kubwa. Nakuomba tu, ukiamua hivyo, ulitamke waziwazi, ukiwa umeshajua ni kiasi gani hasa. Usilifute kwa sababu umechoshwa na simu za ndugu.

Nadhani hata hivyo fedha siyo inayokuuma zaidi. Inayouma ni ile miaka miwili ya "ziko salama", kila ulipouliza, kwa sauti uliyoiamini tangu utotoni. Ndiyo maana naomba tukae kidogo na Yusufu, kwa sababu yeye aliuzwa na ndugu zake wa baba mmoja, kwa vipande 20 vya fedha, akiwa na miaka kumi na saba, na aliyetoa wazo la kumuuza ni Yuda.

Wanapokuja Misri kutafuta chakula imeshapita miaka zaidi ya ishirini. Yeye anawatambua, wao hawamtambui. Moyo wa Yusufu wakati huo haukuwa umejaa kisasi: mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, kabla ya njaa, alishasema Mungu amemsahaulisha taabu yake yote na nyumba ya baba yake. Bado hajitambulishi. Anaongea nao kwa mkalimani, anawauliza habari za nyumbani, anawaweka kifungoni siku tatu, anambakiza Simeoni, anataka waje na Benyamini. Wanaanza kusemezana wao kwa wao, wakidhani haelewi, kwamba walimkosea ndugu yao, kwamba waliiona shida ya nafsi yake alipowasihi nao hawakusikia. Yusufu anageuka pembeni kulia. Kisha anarudi na kuendelea na alichokuwa anafanya. Nakuomba uitazame sana sehemu hiyo ya Mwanzo 42:24, kwa sababu watu hudhani mtu aliyesamehe kwa dhati hana budi kuyeyuka mara tu anapoona chozi. Hapa machozi ni ya aliyekosewa mwenyewe, na bado hajafungua mlango.

Alikuwa anatafuta nini? Safari ya pili inaonyesha. Mezani anamwandalia Benyamini sehemu mara tano ya wengine, halafu kikombe chake kinakutwa kwenye gunia la huyohuyo Benyamini. Yaani anawawekea mazingira yaleyale ya zamani: kuna mtoto wa Raheli anayependelewa, na kuna nafasi nzuri kabisa ya kumwacha utumwani na kurudi nyumbani na maneno ya kumwambia baba. Safari hii Yuda, yule aliyetoa wazo la kuuza, anasimama mbele na kusema nichukue mimi niwe mtumwa badala ya kijana. Hapo ndipo Yusufu anashindwa kujizuia, anawatoa watu wote nje, anasema mimi ni Yusufu. Sisemi umtegee kaka yako mitego. Wewe si waziri wa Farao, na baadhi ya wafasiri wanaona Yusufu alizidisha. Ninachosema ni kwamba Biblia haimlaumu mtu aliyeachilia uchungu wake na bado akataka kuona kama waliomuumiza wamebadilika.

Hata baada ya hapo haikuwa rahisi. Yakobo aliishi Misri miaka 17. Alipokufa, wale ndugu waliogopa, wakatuma ujumbe wa kuomba msamaha upya, wakidhani Yusufu alikuwa anamngoja mzee afe alipize. Miaka 17 wanakula kwake, na bado hawajaamini kwamba wamesamehewa! Yusufu alilia tena. Imani iliyovunjika huchelewa kurudi pande zote mbili, na mkosaji naye anaweza kuwa ndiye wa mwisho kuipata.

Ukitaka mfano wa mahali ambapo msamaha ulikuwepo lakini uhusiano haukurudi, soma 1 Samweli 26. Daudi amemkuta Sauli amelala, amechukua fumo lake, hakumgusa. Sauli anakiri nimekosa, anamwita mwanangu, anamwomba arudi. Daudi analirudisha fumo kwa mkono wa kijana atakayekuja kulichukua, halafu anashika njia yake, na Sauli anarudi kwake. Daudi alishamsikia Sauli akisema maneno kama hayo pangoni, sura mbili nyuma. Kinyume chake ni kisa cha Daudi huyohuyo na Absalomu katika 2 Samweli 14: mwana karudishwa Yerusalemu, miaka miwili hajauona uso wa baba, kisha siku moja kaitwa, kainama, kabusiwa. Hakuna aliyezungumza kuhusu Amnoni, ndugu yake ambaye Absalomu alimuua, wala kuhusu dada yao Tamari aliyedhulumiwa na Amnoni, ambaye chanzo chote kilikuwa kwake. Sura inayofuata Absalomu anaanza kuiba mioyo ya watu langoni. Vikao vyetu vingi vya upatanisho vinafanana na lile busu.

Kanisa la kale nalo lilipita hapa. Mwaka 250, chini ya Kaisari Decius, Wakristo wengi walitoa sadaka kwa miungu ili kuokoa maisha yao. Dhiki ilipopungua walitaka kurudi. Kulikuwa na waliotaka warudishwe mara moja, wengine wakiwa na barua za kuombewa kutoka kwa waliofungwa kwa ajili ya imani. Na huko Roma alikuwepo Novatian, aliyesema kanisa lisiwapokee tena kabisa. Askofu Sipriani wa Karthago na maaskofu wenzake walikaa mwaka 251 wakaamua kwamba njia ya kurudi ipo, nayo hupitia toba inayopimwa kwa muda, na aliyeko karibu na kufa asinyimwe. Tunaweza kubishana juu ya urefu wa adhabu zao. Lakini mlango uliachwa wazi, na hakuna aliyeambiwa kwamba kungoja ni kunyimwa msamaha.

Kuhusu dhamana yenyewe sina maneno mengi. Mithali inaonya juu ya kumdhamini mtu mara kadhaa, 6:1-5, 11:15 na 22:26-27, na haisemi "ila kama hajawahi kukukosea." Ungeweza kumkatalia hata kaka asiye na doa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wewe hukuona ung'ongo. Umemwona nyoka yuleyule kabla jeraha halijafunga.

Nikiishia hapo nitakuwa nimekufurahisha tu, na kazi yangu siyo hiyo. Maneno "nimemsamehe lakini" yana hatari yake, maana yanaweza kuficha adhabu isiyo na mwisho. Jichunguze. Je, unaisimulia habari hii kwa watu wasiohusika, ili wamwone alivyo? Ukisikia biashara yake imeyumba, kuna kitu ndani kinachofurahi? Akilipa chote, akakaa miaka mitatu akiwa mkweli, utampa nafasi au utatafuta sababu nyingine? Hilo la mwisho ndilo zito. Kama kichwani mwako hakuna kiasi chochote cha matengenezo kitakachotosha, basi mama yako ana hoja, hata kama ameisema vibaya. Msamaha unamtakia mkosaji mema. Haumkabidhi pochi, lakini unamwombea kwa jina lake, unamjulia hali akiugua, unaitikia salamu yake kama salamu. Na hasira ikirudi usiku, hasa ada zikidaiwa na unajua zile fedha zingetosha, usidhani ulidanganya uliposema nimesamehe. Unalisema tena mbele za Mungu. Hizo "saba mara sabini" nyingine ni za kosa lilelile moja.

Kuhusu meza ya Bwana, mama amegeuza andiko. Mathayo 5:23-24 inamwambia aliyeleta sadaka, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache, aende apatane kwanza. Mwenye kukumbuka hapo ni yule aliyelalamikiwa. Kama kuna mtu wa kulitafakari hilo andiko kwanza, ni kaka yako. Wewe jihoji mwenyewe kama 1 Wakorintho 11:28 inavyotaka, zungumza na mchungaji wako kama una jambo, kisha shiriki. Hilo umwambie mama kwa upole, na usimpige kwa mistari. Mama mjane anayeona watoto wake hawasemezani anaogopa kitu kingine kabisa, na huenda "achilia kabisa" yake ni namna ya kusema nisife kabla hamjapatana. Mwambie: "Mama, simchukii kaka. Nataka tupatane vizuri, ndiyo maana sitaki tuharakishe."

Kwa kaka mwenyewe, mwendee kabla ya hiyo sherehe, peke yenu, kama Mathayo 18:15. Ukiona maneno yanakukwama, yawe mafupi: "Kaka, kosa nimelisamehe na sitakulipizia. Zile fedha bado ni zangu. Niambie utazirudishaje, hata kidogo kidogo, na tuandike. Mkopo siwezi kukudhamini, na ukiniuliza tena jibu litakuwa hilohilo." Kisha nyamaza umsikilize, pengine kuna deni au aibu iliyomsukuma ambayo hamkuwahi kuizungumza siku ile ya kulia. Akikubali, mwombeni mjomba au mtu mwingine mnayemheshimu wote aweke sahihi kama shahidi. Kiasi kidogo kinachofika kila mwezi bila kukumbushwa kitakufundisha kumwamini kuliko hotuba yoyote. Akikataa, umeshafanya sehemu yako. Warumi 12:18 ina maneno mawili ambayo watu huyaruka: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Paulo alijua upande wa pili upo.

Niongeze hili kwa ajili ya wengine watakaosoma. Niliyosema ya kwenda peke yako yanahusu kosa kama hili la fedha na uongo. Anayepigwa, anayetishiwa, au aliyedhalilishwa kimwili asiende peke yake kwa mkosaji, na asiambiwe na mtu yeyote kwamba kusamehe ni kurudi chini ya paa moja. Atoke mahali pa hatari kwanza. Kwenda polisi na kusamehe havipingani.

Na ubatizo, nenda, dada. Mtoto hana deni lako. Beba zawadi kama ungemletea mtoto yeyote wa kaka yako, kaa na familia, piga picha wakikuita. Akikuvuta pembeni siku hiyo kukuuliza habari za mkopo, mwambie mazungumzo hayo yana siku yake na mjomba atakuwepo, kisha rudi ukamsaidie mama kupakua chakula.